Mtoto kakariri kitabu cha kusema kweli, halafu kanidanganya kuhusu kitabu hicho hicho

#1 Baba_Wawili

Wakuu, habari za jioni.

Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka mitano na nusu, mdogo anakaribia mitatu. Tangu yule mkubwa aanze kukaa kitako nimekuwa mtu wa vitabu vya picha, hasa hivi vya maadili: usiseme uongo, usiwe mchoyo, heshimu wakubwa, saidia kazi za nyumbani. Rafu imejaa. Kimoja amekipenda kupita vyote. Ni cha kijana muongo ambaye kila akidanganya anapatwa na balaa, na ukurasa wa mwisho una funzo kwa herufi kubwa. Bado hajui kusoma lakini amekikariri chote. Ukiruka neno anakurudisha.

Juzi nakuta ule ukurasa wa mwisho, wa funzo, umechanwa ukatoka. Namuuliza nani kachana. Bila kupepesa macho: "Mdogo wangu." Mdogo wake alikuwa amelala tangu mchana. Namuuliza, kitabu kinasemaje kuhusu uongo? Akanitolea aya nzima kama kasuku, hakukosea hata silabi. Kisha akaongeza, "Lakini mimi sijachana."

Nilicheka. Usiku nikakosa raha. Swali langu kwenu: hivi vitabu vinajenga tabia kweli, au sisi wazazi ndio tunajifurahisha?

#2 Kitasa

Kasuku umempata, mkuu. Nakaa hapa pembeni kusubiri wataalamu.

#3 Mwl_Chekechea

Mleta uzi, mwanao hana shida. Kasoro iko kwenye kitabu, na kidogo kwenye namna tunavyovisoma.

Kuna utafiti ambao huwa nausimulia kila nikikaa na wazazi. Mwaka 2014 Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walijiuliza swali lako hili hili. Wakachukua watoto wa miaka 3 hadi 7. Mtoto anakaa amekipa kisogo kitu cha kuchezea, anasikia mlio wake, anatakiwa kubashiri ni kitu gani. Mtafiti anatoka kidogo na kumkataza asigeuke. Wengi wanageuka, watoto ni watoto. Mtafiti akirudi anamsomea hadithi kwanza, ndipo anauliza: uligeuka kuangalia?

Waliosomewa Pinocchio, yule wa pua inayorefuka, hawakusema kweli zaidi kuliko waliosomewa hadithi ya sungura na kobe kushindana mbio, ambayo haina habari ya uongo kabisa. Waliosomewa ya mchungaji aliyezoea kupiga yowe la mbwa mwitu, vivyo hivyo. Waliobadilika ni waliosomewa kisa cha George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, akiwa mtoto: kakata mti wa mcheri wa baba yake, kaulizwa, kakiri, na baba akamsifu kwa kusema kweli. Halafu watafiti wakafanya jambo moja la werevu. Wakageuza mwisho wa kisa hicho, mtoto adanganye na yamfike mabaya. Nguvu yake ikayeyuka.

Sasa rudi kwenye kitabu chako. Kijana anadanganya, balaa. Anadanganya tena, balaa kubwa zaidi. Mwanao amejifunza nini? Kwamba kukamatwa ni kubaya. Hilo alikuwa analijua. Asilolijua ni hili: mtu aliyekwisha kukosea, akikiri, inakuwaje? Kitabu hakikumwonyesha hata ukurasa mmoja. Wewe mwenyewe ulipouliza "nani kachana", sura yako ilikuwaje?

#4 BabuMsomaji

Vijana mnapenda sana tafiti. Sisi tulihadithiwa zimwi linalomeza watoto wasiosikia, nasi tukasikia. Hakuna aliyetuuliza tunajisikiaje.

#5 Baba_Wawili

Shikamoo babu. Lile zimwi lilikufanya useme kweli, au lilikufanya usitoke usiku?

@Mwl_Chekechea sura yangu nadhani ilikuwa ya polisi. Nimekuelewa.

#6 BabuMsomaji

Marahaba. Lilinifanya nisitoke usiku. Na hilo nalo ni jema.

#7 VumbiLaRafu

Babu ana ukoo mrefu kuliko anavyodhani. Mwaka 1844, kabla ya Krismasi, daktari mmoja wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, aliingia madukani kutafuta kitabu cha picha cha kumpa mwanawe wa miaka mitatu. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuta hadithi ndefu, mikusanyo ya picha zisizo na maana, na visa vya maadili vinavyoanza na kuishia kwa mawaidha, mfano kwamba mtoto mwema husema kweli. (Mleta uzi, unaona? Rafu yako ilikuwepo tangu wakati huo.) Akanunua daftari tupu, akaandika na kuchora mwenyewe. Kikachapishwa mwaka 1845, kikaja kujulikana kama Struwwelpeter.

Humo kuna mtoto anayenyonya kidole gumba. Mama anamkanya, anatoka. Anaingia fundi na mkasi mkubwa, anakata vidole gumba vyote viwili. Kuna msichana anayechezea kiberiti, anaungua mpaka anabaki jivu na viatu. Watoto walikipenda mno. Wengine wanasema ni kejeli kwa mawaidha yenyewe, wengine wanasema ni vitisho tu. Mimi nikikisoma naona daktari aliyechoshwa na mahubiri, akaamua kuyatia chumvi mpaka yageuke kichekesho. Lakini kumsomea mtoto wangu hicho kabla ya kulala? Hapana.

Na kile kisa cha Washington alichokitaja mwalimu kina utamu wake. Kinatokana na Mason Weems, mwandishi wa maisha ya Washington, aliyekiingiza kwenye toleo la mwaka 1806, wakati Washington alikwisha kufariki tangu 1799. Wanahistoria wanakiona ni cha kutunga. Kwa hiyo kisa kilichowafanya watoto waseme kweli, chenyewe ni uongo.

#8 Kitasa

"Uongo njoo, utamu kolea." Wahenga walikuwa wanatuambia mapema kabisa 😂

#9 Penseli_2B

Niingie kwa upande wa wachoraji, maana mnajadili maneno tu kana kwamba picha ni mapambo.

Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32. Sababu ni ya mashine: karatasi kubwa hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16, hivyo 32 zinatoka bila kupoteza karatasi. Ukitoa ukurasa wa jina, wa haki za uchapishaji na wa kutabaruku, unabakiwa na picha kama kumi na mbili au kumi na nne za kurasa mbili zinazotazamana. Ndani ya hizo mtoto akutane na mtu, ampende, aone kosa, aone majuto, aone suluhu. Nafasi ni finyu. Mteja akidai picha ya mwisho yote iwe ya funzo, mimi nakata wapi? Kinachokatwa kila mara ni majuto, yaani pale ambapo mtoto angepata muda wa kufikiri.

La pili. Mtoto asiyejua kusoma, na huyo ndiye msomaji wetu, anasoma picha wakati wewe unasoma maandishi. Mnasoma vitabu viwili kwa wakati mmoja. Mchoraji mzuri anacheza katikati hapo. Niliwahi kupewa kazi ya kitabu kuhusu mtoto aliyepata mdogo. Andiko lilisema: "Alimpokea mdogo wake kwa furaha." Nikamchora amejibanza nyuma ya mlango, mdoli kamshika mguu kichwa chini, jicho moja tu linaonekana. Mteja akarudisha: mchoro haulingani na maandishi, na watoto wote watabasamu. Nilihitaji malipo, nikachora tabasamu. Kitabu kikatoka, kila uso humo unameta kama tangazo la dawa ya meno. Mtoto mwenye wivu akifungua kitabu hicho anajifunza jambo moja tu, kwamba yuko peke yake duniani.

#10 MamaMlezi

Penseli, hilo la mwisho limenichoma.

Namlea mtoto wa marehemu mdogo wangu, alinijia akiwa na miaka miwili. Ananiita mama mkubwa. Vitabu vyote vya "familia yetu" nilivyopata ni mpangilio mmoja: baba, mama, kaka, dada, wamezunguka meza. Siku moja akaweka kidole kwenye picha, akawataja wote, kisha akageuza kurasa mbele na nyuma akitafuta. "Mama mkubwa wa hawa yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema amekwenda kazini. Kwa hiyo ndiyo, nami nilidanganya juu ya kitabu.

Sisemi vitabu vya baba na mama vifutwe. Nasema hayo tunayoyaita maadili ya familia yamebanwa kwenye nani yumo ndani ya picha, badala ya wanachofanyiana. Kitabu kimoja tu ndicho kilichomshika: bibi na mjukuu wanakunja shuka kubwa, kila mmoja ameshika ncha mbili, wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana. Maneno hayafiki thelathini. Hakuna funzo popote. Sasa kila nguo zikianuliwa anakuja kushika ncha zake.

Na jambo jingine, ninyi wenye rafu zilizojaa. Chukueni kitabu chochote cha familia, hesabuni nani amekaa na nani amesimama.

#11 Baba_Wawili

Nimehesabu. Vitabu kumi na kimoja vyenye baba ndani yake. Katika tisa baba amekaa. Katika saba ana gazeti. Sijanunua gazeti miaka mingapi sijui. Mama amesimama katika vyote kumi na kimoja, na katika kimoja amesimama mpaka kwenye picha ya usiku, wote wengine wamelala.

Halafu tunaandika nyuma ya jalada "kinafundisha kusaidiana".

#12 BabuMsomaji

Hili la kukaa na kusimama nimelikubali. Mimi mwenyewe hapa nimekaa.

Lakini naona mnapita kasi kwenye jambo la heshima na utii. Mtoto asipofundishwa kutii kwanza, hayo mengine yatasimama juu ya nini?

#13 Ulizo

Shikamoo babu. Naomba nitofautiane nawe kwa adabu.

Ukiondoa utii kwenye vitabu vingi vinavyoitwa vya maadili, hakibaki kitu. Mtoto mwema ni yule anayenyamaza, anayekwenda akitumwa, anayekula alichopewa. Hizo ni tabia zinazowapumzisha wakubwa, nazipenda, nina watoto watatu. Ila tabia njema ni pamoja na kusema "hapana" pale mkubwa anapotaka jambo baya, kumtetea mwenzio anayechekwa, kurudisha cha mtu hata kama hakuna aliyekuona. Mtoto aliyefundishwa kumtii kila mkubwa bila kuuliza hana kinga siku akikutana na mkubwa mbaya. Vingapi kwenye rafu yenu vina mtoto aliyekataa kitu na kitabu kikamsifu?

#14 BabuMsomaji

Marahaba. Nimesoma mara mbili. Wakubwa wabaya wapo, hilo silikatai, na nimewaona. Labda niseme hivi: heshima nataka ibaki, woga uondoke. Kitabu cha namna hiyo mkikipata nitajieni, nina wajukuu.

Ila sungura msimguse. Mimi sungura ndiye aliyenilea.

#15 Ulizo

Babu, sungura muongo kuliko wote 😄 Kila hadithi anamwibia fisi na anashinda.

#16 Mwl_Chekechea

Mmenichokoza kwenye wanyama, sasa mnisikilize.

Watafiti wa Toronto hao hao (Kang Lee alikuwemo, pamoja na Nicole Larsen na Patricia Ganea) mwaka 2017 walitoa matokeo kuhusu watoto wa miaka 4 hadi 6. Kila mtoto alipewa stika achague za kwake, kisha akaambiwa anaweza kumwekea mwenziye ambaye hatapata. Halafu akasomewa kitabu. Kundi moja kitabu cha kugawana chenye wanyama waliovaa nguo na kusema kama watu. Kundi la pili kitabu kile kile, ila wahusika ni watu. La tatu kitabu cha mbegu. Baada ya hapo wakagawa tena. Waliosomewa cha watu wakatoa zaidi ya mwanzo. Wa wanyama wakatoa pungufu, sawa na wale wa mbegu.

Lakini kabla babu hajanikasirikia: katika kundi la wanyama, waliowaona wale wanyama wana hisia na akili kama watu walitoa zaidi. Mimi nimelichukua hivi. Kwa mtoto mdogo sana, rakuni mchoyo (ndiye mnyama wa kwenye kile kitabu) ni rakuni mchoyo, hayamhusu. Anahitaji mtu wa kumshika mkono avuke daraja: "Na wewe juzi, ile baiskeli?" Sungura hana kosa. Kosa ni kumwacha sungura afanye kazi peke yake.

Na wala sungura hakukusudiwa kuwa mfano wa tabia, babu unalijua hilo. Ni mdogo anayeishi kati ya wenye meno. Darasani huwa nasimulia, kisha nawauliza fisi alijisikiaje akienda nyumbani na njaa. Hapo kunawaka moto. Nusu ya darasa wanamtetea fisi.

#17 Mpya_Humu

Samahani, nimesoma uzi wote. Mnaweza kutoa orodha ya vitabu vizuri? Mwanangu ana miaka mitatu.

#18 Mwl_Chekechea

Karibu dada, au kaka. Orodha sitoi, maana kitabu kilichomshika mtoto wa MamaMlezi kinaweza kumchosha wa kwako. Nitakwambia ninavyofanya mimi. Nafunika maandishi kwa mkono, natazama picha tupu. Hadithi ikieleweka, naendelea. Kisha naangalia picha ya kosa: je, aliyekosea bado anapendeka? Kama mchoraji kamfanya mbaya wa sura, mchafu, peke yake kwenye ukurasa, nakirudisha, kwa sababu hakuna mtoto atakayekubali kuwa yule. Mwisho naangalia nani anatatua. Mara nyingi anatokea mzazi au mwalimu anatoa hotuba na mambo yanaisha. Bora mtoto mwenyewe aokote alichokimwaga, hata kama anakiokota vibaya.

Kwa miaka mitatu usiende mbali na nyumbani: kusubiri zamu, kupiga na kuomba radhi, kulala peke yake, mtoto mchanga kuingia. Ukweli na uadilifu mkubwa utasubiri kidogo.

Na usisome moja kwa moja mpaka mwisho kama taarifa ya habari. Simama. Tangu Grover Whitehurst na wenzake wachapishe kazi yao mwaka 1988, inajulikana kwamba mzazi akimfanya mtoto awe msimuliaji, akamuuliza maswali yasiyo ya ndiyo na hapana, akaongezea juu ya jibu lake, lugha ya mtoto inapanuka. Walikuwa wanapima lugha, si tabia. Ila kwa yale niliyoyaona darasani, mtoto asiye na neno la "nimeona wivu" atalisema kwa meno. Swali moja tu nakuomba usiulize: "Tumejifunza nini?" Ukiuliza hivyo, mtoto anatafuta jibu lililo kichwani mwako.

#19 Kitasa

Mimi hilo la "tumejifunza nini" huwa nauliza hata baada ya filamu. Naacha leo.

#20 Baba_Wawili

Wakuu, narudi na mrejesho.

Jana usiku nimekitoa kile kitabu kilichochanika. Nilikuwa nimepanga kumnunulia kingine, nikaona tukisome hivyo hivyo, na ukurasa wa mwisho haupo. Tulipofika picha ya kijana amesimama mbele ya baba yake, nikafunika maandishi kama mwalimu alivyosema. Nikauliza, huyu anawaza nini hapa?

Akatazama muda mrefu, mpaka nikadhani amesinzia. "Anaogopa."

Anaogopa nini?

"Baba yake ana sura mbaya."

Nikatazama. Kweli, mchoraji kamkunja baba uso kama ngumi. Nimekisoma kitabu hiki pengine mara mia, sijawahi kumwona yule baba, nilikuwa nasoma maandishi. Nikamuuliza, baba angekuwa na sura gani ili huyu aseme? Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akayavuta, akayarekebisha, mara juu, mara pembeni, mpaka akaridhika. Nikabaki na sura hiyo hiyo, nikangoja. Mdogo wake anatucheka.

"Mimi sijachana sana," akasema. "Nilichana kidogo, halafu ikaendelea yenyewe."

Nikamwambia asante kwa kuniambia. Nilitaka kuongeza maneno mengine, nikakumbuka babu na zimwi lake, nikanyamaza. Tukaenda kutafuta gundi ya karatasi. Kakataa nisimsaidie. Ukurasa umebandikwa kichwa chini.

#21 Penseli_2B

Usiubandue.

#22 BabuMsomaji

Hiyo ya kuvuta mashavu nitaijaribu kwa wajukuu Jumamosi. Sura yangu mimi ina kazi zaidi.